Bunduki ya Kushindilia na Bweha wa Ngara

Jioni hii twataka kusema nanyi habari za bunduki, wala si bunduki ya askari, bali ile ya mkulima, inayoshindiliwa kwa mkono toka mdomoni mwake. Wengine huiita gobori, wengine gobore, na ile ya zamani iliyowashwa kwa jiwe waliiita gumegume. Tumeichagua habari hii kwa ajili ya jambo lililotukia mwaka 2022 katika kijiji kimoja cha Ngara, upande wa Rulenge, ambako sisi walimu tulikuwa tukikaa karibu na nyumba ya mzee mmoja mfugaji wa mbuzi.

Lakini kwanza tumtaje mwizi. Bweha wa kwetu ni yule mwenye mstari mweupeupe ubavuni na ncha nyeupe mkiani. Hutembea wawili wawili, dume na jike, na mchana hujificha katika vichaka vya mabonde. Sehemu kubwa ya chakula chake ni panya, panzi, matunda ya mwituni na mizoga, na kwa hayo hatuna ugomvi naye. Mkulima anayelia kwa panya ghalani angemshukuru. Ubaya wake ni kuku na wana-mbuzi. Tena akishikwa na kichaa cha mbwa, huacha woga wake wote, akaja uani mchana kweupe akauma mbwa na watu. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kuchomwa sindano. Akingoja mpaka ugonjwa ujionyeshe, hakuna tena dawa ya kumwokoa.

Katika masika ya mwaka huo mzee wetu alipoteza wana-mbuzi watano kwa mwezi mmoja. Alikuwa na gobori ya marehemu baba yake, ambayo leseni yake ilikuwa imekwisha zamani sana, akaitoa darini, akaipangusa, akaipaka mafuta. Jioni moja akatujia, pamoja na mwanawe wa miaka 19, akasema, "Mwalimu, huyu mtoto amenionyesha katika simu yake watu wa Marekani wakiwapiga bweha wao kwa bunduki isiyopiga kelele. Je, bunduki yaweza kunyamaza? Maana hii yangu nikiipiga mara moja, bweha wa kilima kizima wanahama siku mbili, kisha wanarudi."

Tukamjibu, "Baba, ni kweli, lakini si kweli yote." Tukakaa naye barazani tukamweleza, na ninyi pia tutawaeleza.

Huko Marekani yuko mnyama aitwaye coyote, ndugu wa bweha, mkubwa kidogo kuliko yeye, naye huwasumbua wenye kondoo. Wako wawindaji huko ambao hawanunui bunduki iliyokamilika, bali hukusanya kasiba kwa fundi mmoja, mtambo kwa mwingine na tako kwa wa tatu, kisha huziunganisha wenyewe. Na viasi pia hujijazia wenyewe. Kiasi cha bunduki ya siku hizi ni kopo dogo la shaba ya manjano lenye fataki kitakoni, baruti tumboni na risasi mdomoni. Bunduki ikisha kulia kopo hubaki, nao hulisafisha na kulijaza tena. Baruti yake huipima kwa mizani kwa kipimo kiitwacho punje, ambacho asili yake ni punje ya nafaka. Na gramu moja ni punje 15 na karibu nusu. Mtu huyo hutoka jasho kwa punje moja iliyozidi! Hapo mzee akacheka, kwa kuwa yeye baruti yake aliipima kwa kifuniko cha chupa.

Na kifaa cha kunyamazisha je? Hiram Stevens Maxim ndiye aliyebuni, mwaka 1884, ule mzinga wa Maxim unaojipakia wenyewe, ambao nchi yetu iliujua kwa uchungu katika Vita vya Maji Maji. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata hati ya kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki mwaka 1909. Hivyo baba alitunga kelele na mwana akatafuta kimya. Kifaa chenyewe ni bomba lenye vyumba vyumba ndani, linalofungwa mdomoni mwa bunduki. Moshi wa baruti utokao kwa nguvu na joto huzungushwa katika vyumba hivyo, ukapoa na kupunguza mwendo kabla ya kukutana na hewa ya nje, kama vile maji ya mlima yakiingia katika dimbwi baada ya dimbwi. Hata hivyo bunduki hainyamazi. Risasi iendayo kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, hupasua hewa kwa kishindo chake yenyewe, na kishindo hicho hakuna bomba la kukizuia. Tena huko kwao kifaa hicho kimewekwa chini ya sheria kali tangu mwaka 1934, kikaandikishwa kwa serikali. Hata simu ya kijana haikusema hayo.

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi afadhali ilie. Bunduki isiyosikika, jirani atajuaje ni ya bweha au ni ya mtu?" Tulilipenda neno lake. Ninyi wa Ngara mwajua maana yake. Mwishoni mwa Aprili 1994 karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja na kitu, wakikimbia mauaji na vita Rwanda, na miaka iliyofuata ilikuwa na bunduki nyingi zilizotembea usiku. Mpaka leo wako akina mama ambao mlio mmoja tu bondeni huwaamsha na kuwaketisha kitandani hadi alfajiri.

Yafaa kujua pia gobori ilikaaje kwetu muda mrefu hivi. Zamani za misafara ya pembe, bunduki zilizochakaa za majeshi ya Ulaya zilipitia Unguja zikaingia bara kwa maelfu, nazo ndizo zilizomsaidia Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884. Kisha mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, wakaafikiana kwamba bunduki nzuri, zenye mifuo ndani ya kasiba na za kupakiwa nyuma, zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Bali zile za jiwe, zisizo na mifuo, ziliweza kuruhusiwa. Hivyo kizuri walijiwekea wao, nasi tukaachiwa cha mababu zao. Wahunzi wetu walizitengeneza zilipovunjika, nao walikuwa mafundi kweli, kwa kuwa Warongo wa upande wa Biharamulo na Geita waliyeyusha chuma kwa mikono yao kabla chuma cha ng'ambo hakijaua kazi yao.

Baruti ya gobori ni nyeusi, imefanywa kwa shura, makaa na salfa. Baruti ya viasi vya siku hizi ni kitu kingine kabisa, na nguvu yake ni nyingine; mtu akiitoa humo na kuimimina katika gobori, amejitegea bomu shavuni. Tulimwambia mzee hayo, akasema anayajua tangu utoto. Na kweli aliyajua. Hatari ikaja kwa mlango mwingine.

Usiku mmoja wa Mei mzee alishindilia gobori yake, akavizia karibu na zizi. Bweha akaja. Mzee akavuta, fataki ikalia "ta", baruti isishike, kwa kuwa umande uliingia. Akairudisha bunduki nyumbani, akaitundika, akalala, akikusudia kuitoa baruti asubuhi. Asubuhi akaitwa msibani Kabanga. Usiku uliofuata kijana aliwasikia bweha, akaitwaa bunduki, akamimina baruti, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, akaweka fataki mpya. Sasa mdeki ule ulikuwa na mkwaruzo uliowekwa na babu yake: ukiutia katika kasiba tupu, mkwaruzo husimama sawasawa na mdomo, ukisimama juu, ndani mna kitu. Mzee alimwonyesha mwanawe alama hiyo zaidi ya mara moja. Usiku ule, gizani, na mbuzi wakipiga kelele, hakuitazama.

Sisi tulisikia mlio, tukajua mara moja kwamba haukuwa mlio wa kila siku. Kasiba ilipasuka karibu na mtambo. Kijana alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na jicho moja likaungua, ingawa waganga waliliponya. Bweha hakuguswa.

Wala msimcheke. Katika vita vya Marekani, baada ya mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, ziliokotwa uwanjani bunduki zaidi ya 27,000, na yaandikwa kwamba karibu 24,000 zilikuwa zimeshindiliwa, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na viasi viwili, nyingine vitatu hata kumi. Watu hao walikuwa askari waliofundishwa kazi hiyo kila siku. Hofu na haraka hufuta mafundisho, hasa katika chombo ambacho hakikuonyeshi kilichomo tumboni mwake.

Septemba ya mwaka ule ule serikali ilitangaza msamaha kwa wenye silaha zisizo na leseni, nao mwezi huo ndio Umoja wa Afrika ulioutenga tangu mwaka 2017 kwa kazi hiyo barani kote. Sheria ya mwaka 2015 yataka kila mwenye bunduki awe na leseni, wala gobori haikuachwa nje. Mzee akaifunga bunduki iliyopasuka katika gunia, tukaenda naye kituoni. Njiani hakusema neno. Askari akaipokea kwa adabu, akamwita mzee, akaandika.

Baadaye tulimsaidia kujenga zizi jipya: miti iliyokaribiana, miiba juu, mawe yaliyochimbiwa chini, kwa maana bweha hufukua, na wana-mbuzi wakalala ndani ya nyumba mpaka walipofikia miezi minne. Akapata na mbwa wawili, tukawapeleka kuchanjwa. Msimu uliofuata alipoteza mwana-mbuzi mmoja. Mdeki ulisahauliwa nyumbani siku ile ya gunia. Mama wa kijana huutumia kuchochea moto jikoni, na mkwaruzo wa babu ungali juu yake.