Sabuni ya Mche Inayodumu: Mafuta, Maji na Muda wa Kukausha

Mada kwa semina ya wajasiriamali wadogo wa sabuni



Wateja wanalalamika kwamba sabuni zetu zinaisha upesi. Mama ananunua mche, anafua mara mbili, kinachobaki ni rojo chini ya beseni. Safari nyingine ananunua ya kiwandani, na ana haki. Mada hii inaeleza chanzo cha tatizo na mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu kuyarekebisha.

1. Uchaguzi wa mafuta

Mafuta ya nazi hutoa povu jingi, hata kwenye maji ya chumvi, na sabuni yake huwa ngumu. Hata hivyo, ugumu si sawa na kudumu. Nazi ina asidi ya lauriki kwa wingi, na sabuni inayotokana na asidi hiyo huyeyuka haraka majini. Mawese yana asidi ya palmitiki, takribani asilimia 44, nayo ndiyo inayoifanya sabuni iyeyuke polepole. Mafuta ya ng'ombe nayo yanafaa kwa kazi hiyo. Alizeti peke yake hutoa sabuni laini inayochacha mapema.

Kwa kilo 1 ya mafuta napendekeza mawese gramu 700, nazi gramu 300, kostiki soda gramu 146 na maji gramu 300. Kostiki imepunguzwa kwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki na kulinda ngozi. Vyote vipimwe kwa mizani. Ukibadilisha mafuta, piga hesabu upya: gramu 1 ya nazi huhitaji kostiki gramu 0.183, mawese 0.142, alizeti 0.135.

2. Kipimo cha maji

Wapo wanaotumia maji lita 3 kwa kilo 1 ya kostiki. Kwa kipimo hicho, zaidi ya robo ya sabuni inayotoka kwenye kalibu ni maji. Kwa lita 2, maji ni kama sehemu moja ya tano, na sabuni hukauka mapema zaidi. Chumvi ya mezani, gramu 10 kwa kilo ya mafuta, huongeza ugumu. Iyeyushwe kwenye maji kabla ya kostiki kutiwa. Ikizidi, povu hupungua na mche hupasuka unapokatwa.

Kostiki ndiyo hutiwa kwenye maji. Maji yasimiminwe juu ya kostiki, kwani hufoka na kuunguza. Vaeni glavu na miwani, fanyeni kazi penye hewa, watoto wawe mbali. Msitumie sufuria za aluminiamu, kwa sababu kostiki huzila.

3. Kukausha

Hapa ndipo tunapoharibu kazi nzuri. Sabuni ikishakatwa, ipangwe kwenye chanja kivulini, kila mche uachane na mwenzake, igeuzwe kila wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Chukua mche mmoja, uwekee alama, upime uzito kila wiki na kuandika. Wiki za mwanzo uzito hushuka sana, kisha kidogo, mwishowe hausogei. Hapo sabuni imekauka. Ukiuza kabla, mteja ananunua maji kwa bei ya mafuta.

Msiifunge kwenye nailoni ikiwa mbichi. Gliserini iliyomo huvuta unyevu wa hewa, na wakati wa masika huku Pwani mche hutoa jasho; karatasi inatosha. Mteja naye aelezwe aiweke sabuni kwenye kisahani chenye matundu, isilale kwenye maji.

4. Mapendekezo

Najua kikwazo chetu ni mtaji: nani atasubiri wiki 6 bila kuuza? Tugawe malighafi tuliyonayo, tupike kiasi kidogo kila wiki badala ya kupika yote siku moja. Subira ni ya mzunguko wa kwanza tu. Baada ya hapo kila wiki kuna sabuni iliyokauka ya kupeleka sokoni. Kila chanja kiandikwe tarehe ya kukata. Vikundi vikubaliane kwamba mche usiotimiza muda wake hautoki, hata mteja akiwa mlangoni na pesa mkononi. Kwa msimamo huo mteja atarudi.