Swali Analoulizwa Mwanafunzi wa Udaktari Nyumbani



Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi akirudi nyumbani likizoni, iwe Keroka au Ekerenyo, hapumziki. Hata begi hajaweka chini, shangazi ameshaleta kijitabu cha kliniki cha mtoto. Anauliza kama chanjo hiyo ni salama. Kisha anauliza lile gumu: "Na wewe, umechanjwa?"

Wengi hudhani anayesomea tiba hana shaka na chanjo. Anaweza kuwa nayo kama jirani zake, maana ujumbe wanaosoma kwenye simu ni ule ule. Chanjo ya Covid ilipofika nchini Machi 2021, wahudumu wa afya walitangulia kupewa, na hata miongoni mwao wapo waliosita. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai chanjo ya pepopunda ingewafanya wanawake wasizae. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha, ila maneno ya namna hiyo hayafi upesi. Wengi wa wanafunzi wa leo walikuwa watoto wakati huo. Huenda waliyasikia jikoni kabla ya kumsikia mhadhiri yeyote.

Kuuliza si kosa. Anayeuliza darasani hujibiwa. Anayenyamaza hurudi na shaka yake kijijini, na akiguna tu mbele ya kile kijitabu, mama atausikia mguno huo kuliko mabango yote ya zahanati.

Na hasara yake ni kubwa. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili isienee, watoto wapatao 95 kati ya 100 wanahitaji dozi mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Ya pili ni rahisi kusahaulika: mtoto anatembea tayari, mama amerudi kuchuma majani chai.

Mwanafunzi naye ana dozi inayomponyoka, ya homa ya ini aina ya B. Virusi vyake hupita kwenye damu, na yeye ndiye anayejifunza kudunga sindano huku mkono ukitetemeka. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kufikia hapo huenda yuko kaunti nyingine kwa mafunzo ya nyanjani. Afadhali aanze kabla hajaingia wodini. Wazazi mnaomtafutia karo na koti jeupe, mwulizeni pia kuhusu sindano hizo.

Chanjo za watoto hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, pamoja na ile ya HPV kwa wasichana kuanzia miaka 10. Aliyekosa dozi asiogope kukaripiwa. Aende na kijitabu chake. Kwa kawaida haanzi upya, huendelea pale alipoachia.