Kwa Nini Redio Husikika Mbali Usiku

Mtu aketiye barazani baada ya Isha, akausogeza mshale wa redio yake polepole katika masafa ya kati, aghalabu hukuta stesheni za nchi za mbali ambazo mchana kutwa hazikusikika hata kwa mnong'ono. Wako wadhanio kuwa sababu ni utulivu wa usiku. Lakini sababu hasa iko angani, juu sana, nayo yastahili kuelezwa kwa taratibu.

Asili ya yote ni umeme. Mkondo unapobadili mwelekeo mara laki nyingi, au mamilioni, kwa sekunde moja katika mlingoti wa kurushia matangazo, sehemu ya nguvu zake huuacha mlingoti na kuenea pande zote kwa mwendo wa nuru, yaani takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Mawimbi hayo James Clerk Maxwell aliyabashiri kwa hesabu tupu katika miaka ya 1860, na Heinrich Hertz, Mjerumani, akayadhihirisha kwa vyombo mwishoni mwa miaka ya 1880. Ukiugawa mwendo huo kwa idadi ya mitetemo, wapata urefu wa wimbi: kilohezi 1,000 ni meta 300, na megahezi 100 za FM ni meta 3 tu.

Basi mawimbi haya, kama nuru, hupenda kwenda moja kwa moja, ilhali dunia ni mviringo. Kwa hiyo wanazuoni walitaajabu Guglielmo Marconi alipotangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901, akiwa Newfoundland, kwa waya ulioinuliwa na tiara, alizinasa ishara za herufi S kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mwaka uliofuata Oliver Heaviside na Arthur Kennelly, kila mmoja kwa fikira zake, wakasema hapana budi kuwepo tabaka la anga liyarudishalo mawimbi chini. Desemba 1924 Edward Appleton na mwenziwe Miles Barnett wakalithibitisha: waliutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth usiku, matangazo yakiisha kufungwa, wakayapokea mawimbi huko Oxford, na kwa kuzihesabu zamu za kupanda na kushuka kwa nguvu zake masafa yalipokuwa yakibadilishwa kidogo kidogo, wakakipima kimo cha tabaka lenyewe. Appleton alitunukiwa Nobel mwaka 1947, na kwa hakika aliistahili.

Matabaka hayo hufanywa na jua, kwa kuwa miale yake mikali huipasua hewa ya juu ikajaa chembe zenye umeme. Lakini mchana, chini ya matabaka yarudishayo, hutanda jingine, kati ya kilomita 60 na 90, ambalo huyameza mawimbi ya masafa ya kati badala ya kuyarudisha. Jua likichwa, tabaka hilo hutoweka upesi, maana hewa ya hapo ni nzito zaidi na chembe zake huungana tena mara moja. Ya juu, penye hewa haba, hudumu usiku kucha, na njia ikafunguka. Ile sauti kupanda na kudidimia ni mawimbi yaliyopita njia mbalimbali yakikutana redioni, mara yakisaidiana, mara yakipingana. Jaribu pia kuigeuza redio yako ndogo taratibu juu ya meza: stesheni hufifia upande mmoja na kurudi upande wa pili, kwa sababu kipande cha kunasia mawimbi kilichomo ndani hupokea vyema kwa ubavu, si kwa ncha.

FM haina bahati hiyo, kwani mawimbi yake kwa kawaida huyapenya matabaka yote na kwenda zake. Ni safi masikioni, lakini haivuki upeo wa macho kwa umbali mkubwa. Idhaa ya nje ya Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyozibeba sauti za wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, ilitegemea masafa mafupi, ambayo nayo hurudishwa chini na matabaka ya juu, na wakoloni hawakuwa na ukuta wa kuzuia anga.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka ya utangazaji wasiharakishe kuing'oa milingoti ya masafa ya kati na mafupi kwa hoja kwamba ni ya kikale. Siku minara ya simu itakapoangushwa na tufani au mafuriko, mtambo mmoja ulio mbali na maafa waweza kuifikia nchi nzima. Nanyi wasikilizaji, wekeni nyumbani redio yenye masafa hayo, na betri zake.