Kukwepa Ada za Miamala ya Simu

Ada ya muamala ni malipo ya huduma: kampuni ya simu hutunza fedha, huweka kumbukumbu na humlipa wakala kamisheni. Katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, hata anayeuza kuku wachache wa kujiongezea kipato hukutana nayo mteja anapokuwa hana taslimu.

Njia za kuipunguza hazilingani kimaadili. Kulipana taslimu, au kujumlisha malipo kadhaa na kuyatuma mara moja, hakumdhulumu mtu. Muuzaji anayesema "tuma na ya kutolea", yaani mnunuzi aongeze ada ya kutoa fedha, naye hana kosa, mradi ametaja sharti hilo kabla ya kupatana bei. Akilitaja mzigo ukishafungwa, amepandisha bei kwa hila.

Kosa huanza mnunuzi anapompa wakala taslimu aziweke moja kwa moja kwenye namba ya muuzaji, kana kwamba muuzaji mwenyewe ndiye anayeweka. Kwa kuwa kuweka fedha hakuna ada, ada ya kutuma hukwepwa. Wakala huvunja masharti ya kampuni na kuhatarisha uwakala wake. Namba ikikosewa, mnunuzi hana ujumbe wa muamala wa kuthibitisha dai lake.

Tozo ya serikali ni suala jingine. Iliyoanza Julai 2021, ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, ililalamikiwa hadharani na ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Ada ya kampuni inayoumiza nayo hupingwa hivyo, hadharani. Kuikwepa kwa siri huwaachia hatari wakala na mnunuzi.