Ufukwe Upi, Mirihi?

Wiki hii tena nimeletewa cheti chenye muhuri: "Kiwanja cha ufukweni, sayari ya Mirihi." Aliyekinunua ni kijana, na pesa ilikuwa ada ya mdogo wake. Mama yao kaniuliza kama itarudi. Mama, aliyekiuza keshazima simu.

Matapeli hawa wanapitia ile video mnayotumiana asubuhi hata chai hamjanywa: nyota zenye mkia zinaangushwa Mirihi, barafu inayeyuka, ziwa linajaa, watu wanaogelea. Mnaisambaza bila swali hata moja. Ulizeni basi!

Maji Mirihi yapo. Barafu ya ncha ya kusini peke yake ikiyeyuka ingeifunika sayari nzima kwa kina cha mita 11 hivi. Kinachokosekana ni hewa. Ninyi wa Mbeya na Njombe mnajua maharage yanavyochelewa kuiva huko juu: hewa ikiwa nyepesi, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kileleni Kibo yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi. Mirihi kanieneo ya hewa haifiki hata asilimia 1 ya hii yetu, kwa hiyo maji yanachemka pale pale yanapotaka kuganda. Mwaka 2008 chombo cha anga kiitwacho Phoenix kilichimba mtaro mdogo kule kaskazini, vikaonekana vipande vyeupe vya barafu, ukubwa wa dadu. Siku nne baadaye havipo. Havikuacha hata tope. Viligeuka mvuke moja kwa moja. Ufukwe upi hapo?

Hewa kwanza, maji baadaye. Na hewa hiyo itoke wapi? Mwaka 2018 wanasayansi Bruce Jakosky na Christopher Edwards walipiga hesabu ya kabonidayoksaidi inayoweza kupatikana kule ili kuinenepesha hewa, wakakuta haitoshi. Nyingi ilishapeperushwa na upepo wa jua zamani.

Turudi kwenye cheti. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza hata taifa kujimilikisha sayari, sembuse dalali wa kwenye simu! Baba mmoja akanijibu, "Lakini kina muhuri." Muhuri unachongwa stendi, baba.

Sasa matapeli wameanza kuviandikia vikundi vya akina mama: changieni awamu ya pili ya viwanja, maji yameshafika. Hayajafika! Ukipata ujumbe huo usilipe. Kama umeshalipa, usiufute. Nenda nao polisi leo, pamoja na namba iliyopokea pesa.