KAZI ZA SUPAMAKETI MPYA: HOTUBA ILIYOSOMWA KWENYE MKUTANO WA TAWI

Wengi hamkuweza kufika Jumapili kwa sababu ya mvua, kwa hiyo tunawatumia hotuba yenyewe kama ilivyosomwa.

Habari ya supamaketi inayokusudiwa kwenye kile kiwanja cha kiwanda kilichofungwa mmeisikia. Sisi kamati hatuipingi. Kiwanja kimelala miaka, na vijana wetu wanapanda matatu kila asubuhi kwenda kusaka vibarua mjini, jioni nusu ya walichopata imekwisha kwenye nauli. Tunachokataa ni ahadi ya mdomo. Kila mwekezaji husema "kazi kwa wenyeji", kisha siku ya kufungua keshia, msimamizi wa stoo na wapanga rafu wote wametoka matawi mengine ya kampuni, na mwenyeji amepewa ufagio.

Si lazima iwe hivyo. Huko Uingereza, katika mji wa Leeds, kuna mtaa mkubwa wa nyumba za halmashauri uitwao Seacroft. Kazi zilikuwa haba na soko lake la zamani limechakaa. Tesco ilipotaka kujenga hapo, ilikaa meza moja na halmashauri ya jiji, idara ya ajira, kituo cha mafunzo cha mtaani na chama cha wafanyakazi cha Usdaw. Wasio na kazi walifundishwa kabla duka halijafunguliwa, na aliyemaliza mafunzo alikuwa na kazi yake inamngoja. Duka lilifunguliwa mwaka 2000, na watu zaidi ya 200 waliokuwa hawana kazi waliingia humo. Tazameni mpangilio huo: kazi iliahidiwa kwanza, mafunzo yakafuata, mlango ukafunguliwa mwisho. Huku kwetu mafunzo huja kwanza, vijana wanapewa cheti na picha ya pamoja, basi.

Hapa tuna nguvu wakati mmoja tu, nao ni sasa. Kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inairuhusu kaunti kutoa kibali pamoja na masharti. Kibali kikishatoka, tutabaki kuandika barua. Pesa za mafunzo nazo si kisingizio: mwajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kupitia NITA, na anaweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa.

Mama mmoja aliuliza mkutanoni: na sisi wa vibandani? Ni swali zito kuliko yote, na Seacroft haitujibu, kwa sababu kule hapakuwa na mamia ya watu wanaoishi kwa sukuma wiki na nyanya za barabarani. Duka likiajiri mia na kufunga vibanda mia mbili, tumepoteza. Kwa hiyo tunataka mboga, mayai na samaki vinunuliwe kwa vikundi vya hapa, na siku za malipo ziandikwe. Tuliona Nakumatt ilivyoanguka na wauzaji waliokuwa wakiidai mabilioni wakabaki na ankara mkononi. Mama wa vibandani hawezi kungoja siku tisini.

Jambo jingine ni vibarua visivyokwisha. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima hahesabiwi tena kibarua. Tunataka chama cha wafanyakazi wa maduka kiwepo mezani tangu mwanzo, ili kijana asifukuzwe siku ya 29 na kuajiriwa upya Jumatatu.

Mwisho, orodha. Tunaandika majina ya wote wanaotafuta kazi katika wadi, wawe wa chama chetu au la, ili kaunti iione hali kwa macho. Orodha hii si ajira, wala haiuzwi. Tumesikia kuna watu wanaopita wakidai elfu mbili "za fomu". Msiwape hata ndururu, na mtuletee majina yao.

Katibu anapokea majina hadi Ijumaa jioni. Kikao cha kaunti cha maoni ya wananchi tutakwenda pamoja. Mwenye kibanda aje na leseni yake.

Kamati ya Tawi