Kidole hakina spea!

Maneno ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa mjini



Ukiibiwa ufunguo, unabadilisha kitasa. Namba ya siri ikijulikana, unaweka nyingine. Je, alama za vidole vyako zikivuja kutoka kwenye kompyuta za wakubwa, utabadilisha nini? Kidole hakina spea!

Sikilizeni kisa cha jirani zetu wa Kenya. Aprili na Mei 2019 wananchi walipangwa foleni kusajiliwa Huduma Namba. Picha, vidole, makazi, vyote vikamezwa na mtambo. Sheria ya kulinda taarifa hizo ilikuwa wapi? Haikuwapo! Ilitiwa saini Novemba 8, 2019. Mtoto kazaliwa, ndipo watu wanatafuta mkunga!

Wanubi wa Kenya hawakulala. Kwa miaka mingi walikuwa wakihojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, hivyo waliijua adha ya kukikosa. Nubian Rights Forum na wenzao wakaenda mahakamani. Januari 30, 2020 majaji watatu wakasema kuchukua DNA ni kinyume cha Katiba, na mpango usiendelee bila kanuni kamili.

Vigogo walisikia? Thubutu! Novemba 2020 wakaanza kutoa kadi bila kupima kwanza hatari kwa siri za watu, kama kifungu cha 31 kinavyotaka. Oktoba 14, 2021 Jaji Jairus Ngaa akautengua uamuzi huo.

Na sisi Tanzania? Tulianza kusajili laini za simu kwa vidole mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikaanza kazi Mei 1, 2023. Mkunga yule yule, amechelewa vile vile!

Ndugu zangu, sisemi tukatae vitambulisho. Bila kitambulisho kijana hapati hata laini ya simu. Nasema tuulize. Mnachukua nini? Cha kazi gani? Nani anaruhusiwa kufungua faili langu? Litakaa mpaka lini? Karani anayehakiki jina lako dirishani hana haja ya kujua unakolala. Na kila anayefungua faili, mtambo umwandike jina na saa, ili likivuja tujue pa kuanzia.

Wenzetu hawakurusha jiwe hata moja. Walisoma sheria, wakashtaki, serikali ikasimamishwa mara mbili. Isomeni na ya kwenu.